Mpango wa zahanati hauanzii wilayani

Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote Tanzania, utasikia: "Mganga mfawidhi hana la kufanya, kila kitu hupangwa wilayani." Zamani ilikaribia kuwa kweli. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mpango wa mwaka huandaliwa hapohapo, na watumishi pamoja na kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Halmashauri huupitia baadaye. Glavu kwanza, au choo cha wajawazito? Mjadala huo ni wa kikao cha kituo. Kinachoniudhi ni kamati zinazoitwa kusaini tu muhtasari ulioandikwa jana yake. Hebu muulize mjumbe wenu wa kamati: taarifa ya benki ya kituo aliiona lini?