Beth Din ya London haishindani na mahakama za serikali
Kwa miaka mingi imesadikiwa kwamba Beth Din ya London, yaani baraza la mahakimu wa dini ya Kiyahudi, hutumia sheria yake kando ya ile ya Uingereza na kuvunja ndoa kwa amri yake. Sivyo. Talaka yao, iitwayo get, hutolewa na mume na kupokelewa na mke. Mwandishi huiandika kwa mkono katika mistari 12, mashahidi wawili hutia saini, na marabi husimamia ili hata herufi za majina zisikosewe. Hati hiyo haivunji ndoa mbele ya serikali, hivyo talaka ya kiraia hubaki kuwa ya lazima. Migogoro ya fedha nayo husikilizwa pale tu pande zote zinaporidhia, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1996. Huenda dhana hiyo imechangiwa na hali ya Israel, ambako dola yenyewe iliyapa mabaraza ya marabi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Wayahudi mwaka 1953.

Kwa maoni yangu, tatizo la London ni udhaifu, wala si nguvu: baraza haliwezi kumlazimisha mume mkaidi, ndiyo maana sheria ya mwaka 2002 ikamruhusu jaji wa serikali kuzuia talaka ya kiraia isikamilike hadi get ishughulikiwe.