Kijiti cha Wii hakimwoni mchezaji

Katika chumba kimoja cha michezo hapa Kadutu, Bukavu, vijana wanashikilia kwamba kile kijiti cheusi cha Wii, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, kinachokaa juu ya televisheni ndicho kinachotazama mkono wako. Hapana, wadogo zangu. Kijiti hakina jicho. Kinatoa mwanga wa infraredi tu, usioonekana kwa macho. Kamera imo kwenye ncha ya rimoti yenyewe, nayo ndiyo inayouona mwanga huo. Weka mishumaa miwili inayowaka mahali pa kijiti, uiachanishe kidogo: rimoti bado itajua unaelekeza wapi.

Kupiga tenisi ya Wii ni habari nyingine. Rimoti ya 2006 ilipima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, haikupima vizuri mzunguko, ndiyo maana kutikisa kifundo cha mkono tu kulitosha kurudisha mpira. Jairoskopu, yaani kipima mzunguko, ilikuja 2009, na kifaa cha MotionPlus kinachochomekwa kwenye rimoti.

Mashine zinazokutazama kweli zipo. Kamera ya PlayStation Move ya Sony, ya 2010, hufuata mpira unaong'aa kwenye rimoti. Ukubwa wa mpira pichani huonyesha umbali. Kwangu mimi huo ndio ufundi mzuri kuliko yote. Kinect, kamera ya mashine ya Xbox, ya mwaka uleule, haitaki rimoti: husoma mwili mzima, lakini hudai nafasi ambayo sebule zetu nyingi hazina.