Kadi ya switchi isipowaka, usikimbilie kusema imekufa

"Imekufa hiyo, toa tuweke nyingine." Neno hili husikika karibu kila mara kadi inapochomekwa kwenye switchi kubwa ya chasisi (mashine ya kuunganisha kompyuta za mtandao, yenye nafasi za kuchomekea kadi) na taa yake ikakataa kuwaka. Kadi nzima zimerudishwa stoo kwa kauli hii, nami inaniuma, maana kuithibitisha ni kazi ya dakika mbili tu kwenye konsoli, yaani kompyuta unayoiandikia switchi amri. Mfano wangu ni Cisco Catalyst 6500.

Kadi haijiwashi yenyewe. Inayoamua ni supavaiza, kadi inayosimamia chasisi nzima. Kwanza husoma kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya kadi mpya, ikajua ni ya aina gani na inataka wati ngapi, ndipo huipa umeme. Kwa hiyo kadi iliyo gizani inaweza kuwa haina kasoro yoyote, imenyimwa tu. Andika show module. Ukikuta PwrDeny, wati zilizobaki hazitoshi. Ukikuta PwrDown, sababu ni nyingine: pengine kuna aliyeizima zamani kwa amri ya no power enable module, akahifadhi mipangilio, akasahau. Kadi ya kuitilia shaka kweli ni ile isiyoonekana kabisa kwenye orodha.

"Pawa saplai imeandikwa 3000W, umeme hauwezi kupungua." Hapa ndipo wengi tunapokwama. Pawa saplai hiyo, kifaa kinachoilisha switchi umeme, hupokea volti 100 hadi 240, lakini ikilishwa volti 110 hutoa wati 1400 tu. Ikilishwa volti 220 au zaidi, hutoa kama 2900. Sasa chukua switchi iliyotumika Marekani ikaletwa Dar es Salaam au Mombasa. Fundi anaona plagi ya Kimarekani, anahofia kuiunguza, anatafuta transfoma ya kushusha umeme hadi 110. Nia yake ni njema, ila amekata zaidi ya nusu ya wati, na kadi za mwisho zitanyimwa umeme kila siku. Transfoma haihitajiki. Kinachohitajika ni waya unaofaa, tena si wa plagi ya kawaida ya fyuzi ya ampea 13, kwa sababu pawa saplai hii ikibeba mzigo kamili huweza kuvuta hadi ampea 16. Mwite fundi umeme afunge soketi inayomudu mzigo huo.

"Zipo pawa saplai mbili, basi wati ni mara mbili." Sivyo, kama hujabadilisha kitu. Hali ya kawaida ya switchi hii ni ya akiba: chasisi hutumia hesabu ya pawa saplai moja, ili ya pili ikifa kazi isisimame. Amri ya show power itakuonyesha jumla, zilizotengwa na zilizobaki. Unaweza kuziunganisha ili upate wati zaidi, lakini moja ikizimika baadhi ya kadi zinaweza kuzimika nayo. Kwa mtandao wa hospitali au benki, mimi nisingefanya hivyo. Ningenunua pawa saplai kubwa zaidi.

"Taa ya rangi ya chungwa ni ugonjwa." Kadi inapoanza kuamka na kujipima, chungwa ni kawaida. Subiri. Ukiichomoa katikati ya vipimo, unaanza upya bila kujua lolote. Nyekundu ndiyo ya kukushtua.

"Zima chasisi yote uwashe, itakaa sawa." Tafadhali usifanye hivyo. Kadi hizi zimeundwa kuchomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa hai, na ukizima yote unawakatia watu wote mtandao kwa sababu ya kadi moja. Isitoshe, mipangilio ambayo haikuhifadhiwa hupotea.

Soma pia ujumbe wa matukio ambao switchi huuhifadhi, kwa amri ya show logging. Ukiona maneno unsupported module na power not allowed, programu ya supavaiza haiitambui kadi hiyo, au supavaiza yenyewe ni ya kizazi kisichoikubali. Kubadilisha kadi kwa nyingine ya aina ileile hakutasaidia.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo shika bisibisi. Vaa mkanda wa kuondoa umemetuli, ichomoe kadi, uirudishe ukibana nyenzo zake zote mbili za pembeni kwa pamoja, kisha kaza skrubu. Isipowaka, ijaribu kwenye nafasi nyingine unayojua inafanya kazi. Ikiwaka huko, kadi haina kosa: mulika tochi ndani ya ile nafasi ya kwanza utazame pini za nyuma. Ukiona hata moja imepinda, usichomeke kadi nyingine yoyote hapo, maana itaharibika nayo.