Golf GTI ya 2006: kabla ya kuongeza nguvu

Mwezi uliopita nilinunua Golf GTI ya kizazi cha 5, ya mwaka 2006, injini lita 2.0 yenye turbo. Kila aliyeiona gereji aliniuliza swali moja: kompyuta yake utaiprogramu lini ili iongezeke nguvu?

Injini hizi nimezifungua miaka mingi, na msimamo wangu haujabadilika: gari la umri huu lirudishiwe kwanza nguvu lilizotoka nazo kiwandani. Zilikuwa nguvu za farasi 200, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 280 inayopatikana kuanzia mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Ukilinunua likiwa limeshachoka, utadhani ndivyo lilivyo, maana hujawahi kuliendesha likiwa zima.

Kazi ya kwanza kabisa ilikuwa kufungua pampu ya mafuta ya presha kubwa. Imekaa kwenye silinda hedi, imeshikwa na boliti tatu za kichwa cha nyota, saizi T30. Injini iwe imepoa na presha iwe imetolewa, kwa sababu paipu ile hubeba zaidi ya bar 100; mafuta ya petroli yakikurukia kwa presha hiyo yanaumiza vibaya. Pampu ikitoka, nyuma yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, inakisukuma kikombe, kikombe kinasukuma pistoni ya pampu, mfululizo muda wote injini inapowaka. Kikiwa kipya, uso wake ni mweusi. Changu kilikuwa na duara la rangi ya fedha katikati, na nilipopitisha ukucha nikausikia ukingo pale weusi ulipoishia. Kikiachwa kinaendelea kulika mpaka kinatoboka, na hapo pistoni ya pampu inasaga kemshafti moja kwa moja, unga wa chuma unaingia kwenye oili. Kipuri chenyewe ni miongoni mwa vile vya bei ndogo kabisa kwenye injini nzima! Mimi hukikagua kila baada ya oili ya pili, na oili namwaga kila kilomita 8,000: sintetiki 5W-40 yenye kiwango cha VW 502.00.

Haya nayasema kuhusu injini ya EA113, ndiyo hii ya kwangu. EA888 iliyoifuata inatumia cheni, na ukaguzi wake ni mwingine. EA113 ina mkanda wa taiming, na kwenye makaratasi niliyopewa hapakuwa na hata mstari mmoja unaoonyesha uliwahi kubadilishwa. Sikusubiri. Nilibadilisha mkanda, tenshena, rola zake na pampu ya maji, kwani pampu hiyo huzungushwa na mkanda huohuo. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu.

Kisha masizi. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta hata mara moja, na mvuke wa oili unagandia pale. Nilipotoa manifoldi, shina za valvu zilikuwa zimevaa ganda jeusi gumu kama lami. Tulilitoa kwa unga wa maganda ya jozi unaorushwa kwa kompresa, kila mlango wa hewa ukipigwa valvu zake zikiwa zimefungwa. Ule mtikisiko wa asubuhi injini ikiwa baridi ukaisha siku hiyohiyo.

Chini nako kulikuwa na kazi. Bushi za nyuma za amu za mbele zilikuwa zimechanika, na ndiyo maana usukani ulikuwa ukivuta upande nikikanyaga breki. Nimefunga za mpira wa kawaida, si zile ngumu za polyurethane. Gari la kila siku linahitaji utulivu pia. Shokomzoba zote nne mpya, alaimenti, matairi mazuri. Breki sikuzibadilisha umbo: diski za mbele za milimita 312 zinatosha, zikipata pedi bora na mafuta mapya ya DOT 4. Wengi hukimbilia zile za milimita 345 za Golf R32, ilhali mafuta yao ya breki yamenyonya unyevu kwa miaka.

Uboreshaji ninaoutamani zaidi ni difu inayozuia tairi moja kuteleza peke yake, kwa sababu magurudumu ya mbele yanabeba usukani na nguvu zote kwa pamoja, na kwenye kona tairi la ndani ndilo linalopoteza mshiko. Programu ya kompyuta itafuata, nikishahakikisha klachi inashika, koili za plagi ni nzima na ile diaframu ya mpira ya valvu inayoachia presha ya turbo haijachanika.

Kikombe kipya kina kilomita 900 sasa. Zikifika 16,000 nitaifungua tena pampu, na nikikuta weusi bado upo, kompyuta itaprogramiwa wiki hiyo.