Kura za Maoni Zilivyokosea Maine: Susan Collins, Sara Gideon na Kiti cha Seneti cha 2020

Katika kazi yangu ya takwimu za tafiti za maoni, hakuna uchaguzi wa Seneti ya Marekani ninaoutolea mfano mara nyingi kuliko ule wa jimbo la Maine wa Novemba 2020. Kuanzia kiangazi cha mwaka ule hadi wiki ya mwisho ya kampeni, kura za maoni zilizotangazwa hadharani zilimweka mbele mgombea wa chama cha Democratic, Sara Gideon. Matokeo yalipotoka, Seneta Susan Collins wa chama cha Republican alikuwa amepata asilimia 51.0 na Gideon asilimia 42.4. Pengo la pointi 8.6 upande usiotabiriwa ni kosa kubwa, na linastahili maelezo ya kina kuliko ile kauli ya kwamba watafiti hawajui kazi yao.

Tuanze na wagombea wenyewe, kwa sababu takwimu za Maine hazieleweki bila wao. Collins alizaliwa Caribou, katika kaunti ya Aroostook, eneo la mashamba ya viazi linalopakana na Kanada, na amekaa Seneti tangu Januari 1997. Mwaka 2008, Barack Obama alipoichukua Maine kwa kishindo, Collins aliyekuwa chama pinzani alishinda siku hiyohiyo kwa zaidi ya asilimia 61. Mwaka 2014 alivuka asilimia 68. Msukosuko wake ulianza Oktoba 2018 alipopiga kura ya kumthibitisha Brett Kavanaugh kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Hasira zilizofuata zilizaa mchango wa mamilioni ya dola uliotengwa kwa ajili ya mpinzani wake wa baadaye, kabla hata mpinzani huyo hajajulikana. Gideon, mkazi wa Freeport na Spika wa Baraza la Wawakilishi la Maine, ndiye aliyeurithi. Hatimaye kampeni yake ilikusanya zaidi ya dola milioni 70, sehemu kubwa ikitoka nje ya jimbo, na alimaliza uchaguzi akiwa na mamilioni ambayo hayakutumika. Walikuwapo pia wagombea huru wawili, Lisa Savage na Max Linn, na uwepo wao ulikuwa na uzito kwa kuwa Maine hutumia mfumo ambao mpiga kura huwapanga wagombea kwa upendeleo: asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Wachambuzi wengi walitarajia kwamba kura za Savage, aliyesimama upande wa kushoto, zingekuja kumwokoa Gideon katika duru ya pili. Duru hiyo haikufika, kwa sababu Collins alivuka nusu katika hesabu ya kwanza.

Sasa tutazame utafiti mmoja kwa karibu. Katikati ya Septemba 2020, Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilitangaza kwamba Gideon anaungwa mkono na asilimia 54 na Collins asilimia 42. Wahojiwa haohao walimpa Joe Biden asilimia 59 na Donald Trump asilimia 38 katika jimbo hilo. Sikuchagua utafiti huu ili kukiumbua chuo, ambacho hutangaza njia zake waziwazi. Nimeuchagua kwa sababu unatuwezesha kulitenganisha kosa katika sehemu zake.

Jambo ambalo msomaji huliona kwanza chini ya jedwali ni kiwango cha makosa, yaani umbali ambao jibu la waliohojiwa (sampuli) linaweza kuwa nao na hali halisi kwa bahati tu. Sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu huwa na kiwango cha takribani pointi 3 juu au chini, na ya watu 600 takribani pointi 4. Magazeti mara nyingi husahau kueleza kwamba kiwango hicho ni cha asilimia ya mgombea mmoja. Pengo kati ya wagombea wawili hubeba karibu mara mbili yake, kwani kura inayoondoka kwa huyu kwa kawaida humwendea yule. Kwa hiyo uongozi wa pointi 5 katika sampuli ya watu 600 hauthibitishi kwamba kuna anayeongoza. Lakini hata tukiwa wakarimu kiasi hicho, umbali kati ya Gideon kuongoza kwa 12 na Collins kushinda kwa 8.6 ni pointi 20.6, na bahati mbaya ya sampuli haiwezi kuubeba. Tena, bahati mbaya huenda pande zote mbili. Tafiti nyingi zinapokosea upande mmoja, chanzo chake ni kingine.

Kuna wanaosema kwamba waliokuwa hawajaamua walimwendea Collins dakika za mwisho. Hesabu inakataa. Asilimia 54 na 42 zinaacha asilimia 4 tu, na hata kama wote hao wangemchagua yeye angefika 46, si 51. Ama watu walibadili msimamo kati ya Septemba na Novemba, ama waliojibu simu hawakuwa mfano halisi wa wapiga kura. Naamini yote mawili yalichangia, na la pili ndilo linalonisumbua zaidi.

Biden aliishinda Maine kwa asilimia 53.1 dhidi ya 44.0, yaani pengo la pointi 9 ilhali utafiti ulionyesha 21. Kwa hiyo kosa la takribani pointi 12 lilikuwapo hata katika kinyang'anyiro cha urais, ambako wapiga kura wachache sana walikuwa hawajaamua. Sehemu hiyo naihesabu kuwa hasa ni kosa la nani aliyekubali kuhojiwa. Kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti kwamba mwaka 1997 katika tafiti zake za simu walioitikia walikuwa asilimia 36, na kufikia mwaka 2018 walikuwa asilimia 6. Watu 94 kati ya 100 wasipojibu, mtafiti hulazimika kuwapa uzito wachache waliojibu ili wafanane na jamii kwa umri, jinsia, elimu na eneo. Baada ya uchaguzi wa 2016 wengi walirekebisha uzito wa elimu, kwa kuwa wenye shahada hujibu zaidi na walikuwa wameegemea chama cha Democratic. Marekebisho hayo yalikuwa ya lazima, lakini hayatoshi pale ambapo mkulima wa Aroostook asiyeiamini taasisi yoyote anakata simu, na mkulima jirani yake, mwenye umri na elimu ileile, anajibu kwa furaha. Ukimwongezea uzito aliyejibu, unaongeza sauti ya mtu ambaye huenda anapiga kura tofauti kabisa na aliyenyamaza.

Jopo la chama cha kitaaluma cha watafiti wa maoni nchini Marekani, kinachojulikana kwa kifupi AAPOR, lilichunguza tafiti za 2020 na kuripoti mwaka 2021 kwamba kosa la kura za maoni za kitaifa za urais lilikuwa kubwa kuliko yote ya miaka 40 iliyotangulia, na kwamba uongozi wa Biden uliongezwa chumvi kwa wastani wa pointi 3.9. Jopo hilo, lililokuwa na wataalamu wazito, lilishindwa kutaja chanzo kimoja kwa uhakika, kwa sababu njia pekee ya kujua maoni ya wasiojibu ni kuwahoji, na wao hawajibu. Naliheshimu sana hitimisho hilo, maana kishawishi cha kutoa jibu safi kilikuwa kikubwa.

Kati ya zile pointi 20.6, zinabaki karibu 9 ambazo ni za kinyang'anyiro cha Seneti peke yake, na hapo ndipo Maine inapotofautiana na majimbo mengine. Collins alipata kura zaidi ya 417,000; Trump alipata takribani 361,000. Hata tukichukulia kwamba kila aliyempigia Trump alimpigia pia Collins, bado kuna watu zaidi ya 56,000 waliomchagua seneta wa Republican bila kumchagua rais wa chama hicho. Upande wa pili, Gideon alipata kura karibu 88,000 pungufu ya zile za Biden. Savage alizoa takribani 40,600 katika jimbo zima, hivyo hata kama zote zingetoka kwa wafuasi wa Biden, pengo lisingezibika. Hakuna jimbo lingine mwaka ule ambapo mgombea wa Seneti alishinda huku mgombea urais wa chama chake akishindwa.

Watu hao 56,000 ni takribani asilimia 7 ya waliopiga kura. Katika sampuli ya 1,000 ni watu 70. Wakikosekana 40 kati yao, pengo la Collins linapungua karibu nusu; na 40 hao wakisema "Gideon" mwezi Septemba kwa sababu wamemkasirikia Trump na kisha wakakumbuka mwezi Novemba kwamba wamemchagua Collins mara nne, pengo hilo karibu linatoweka. Uzito wa vyama hauwezi kuwarudisha, kwa kuwa wengi wao hawafanani na Republican wa kawaida katika jedwali lolote.

Kiti hicho kinarudi kwa wapiga kura Novemba 2026. Katika kila utafiti utakaotoka Maine, kabla ya kuangalia nani anaongoza, nitatafuta swali la wahojiwa walimpigia nani Seneti mwaka 2020. Kama chini ya nusu yao watasema Collins, nitajua kwamba walewale walionyamaza wakati ule wanaweza kuwa bado wamenyamaza, ingawa kumbukumbu za wahojiwa nazo huteleza na baadhi ya wapiga kura wa 2020 wamehama au wamefariki. Na kama utafiti hautataja swali hilo kabisa, uongozi wowote ulio chini ya pointi 10 nitausoma kama sare.