Je, wajua kwa nini mwalimu mzungu anaweza kukaa mwaka mzima Unguja bila kuingia ndani kwa mtu?

Kuna ticha mmoja wa kizungu tunafundisha nae skuli, mwanamme, ana mwaka wa pili hapa Unguja. Siku moja akanambia kila mtu ananikaribisha, kahawa nakunywa, haluwa nalishwa, lakini mlango wa mtu sijawahi kuuvuka, nimekosea nini? Ilinikaa moyoni maana alikuwa kaumia kweli.

Hajakosea kitu. Nyumba zetu ndo zilivyojengwa. Chukua nyumba ya Ng'ambo, yaani mitaa ya huku kwetu nje ya Mji Mkongwe, mbele kuna baraza la simenti limeshikana na ukuta, ukipita mlango unakuta ukumbi na vyumba huku na huku, mwisho kabisa ndo uani, jiko liko huko, na kina mama wameshavua buibui wako kichwa wazi wanafanya kazi zao. Mwanamme asiye maharimu, yaani asiye ndugu wa karibu wasioweza kuoana, hapiti huko, awe mzungu awe mtu wa Makunduchi. Ndo maana hodi inapigwa mara tatu, usipojibiwa unarudi zako. Sasa baraza lipo ili mgeni apokewe kwa heshima na waliomo ndani wasisumbuke, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe nazo zina mabaraza hivyo hivyo. Kwa hiyo ukikaribishwa barazani ukaletewa kahawa na kashata ujue umeshapokewa, tena vizuri.

Mwenzake wa kike, Muingereza, yeye wiki ya pili tu alikuwa uani kwa jirani kakalia mbuzi anakuna nazi. Nilihadithiwa na mke wangu, mama mwenye nyumba kamshika mkono anamwambia taratibu mwanangu, ukiona weusi acha hapo hapo, zungusha kifuu, ukikuna mpaka kwenye ganda tui linaharibika rangi. Na huyo huyo akipita barazani wanaume wanampisha akae, jambo ambalo dada zetu hawalifanyi kirahisi. Yaani mwanamke mgeni anapata pande zote mbili, mwanamme mgeni anapata upande mmoja.

Lakini kuna mpaka mwengine na huu ndo unaoniuma mimi. Ng'ambo maana yake upande wa pili wa maji, kwa sababu zamani mkono wa bahari ulikuwa unaingia kati ya Mji Mkongwe na huku kwetu, na Darajani pameitwa hivyo kwa daraja lililokuwa linavuka hapo. Waingereza walipoifanya Zanzibar himaya yao 1890, wazungu waliishi Shangani karibu na bahari na wana klabu yao, watu weusi wengi wakiwa ng'ambo kwenye nyumba za udongo na makuti. Maji yale yalishafukiwa, Mapinduzi yakaja Januari 1964, na tarehe 23 Septemba mwaka ule ule Mzee Karume akatangaza elimu bure, mtoto wa yeyote akasoma popote. Hilo tunalishukuru mpaka leo. Ila kodi za Shangani kwa miaka zilikuwa zikitajwa kwa dola, kwa hiyo ticha mgeni anapangishiwa kule na sisi wenzake tunarudi Magomeni na Fuoni kwa daladala, tunaachana mlango wa skuli mpaka kesho. Hata boti ya Dar nauli ya mgeni mbali, yetu mbali. Sasa mtu kama huyo jirani yake nani wa kumpigia hodi?

Nikamwambia hama. Akapata chumba Miembeni, huku huku Ng'ambo, na Ramadhani ikamkuta huko. Siku ya tatu kabla ya magharibi mtoto wa jirani kamletea sahani ya futari, muhogo wa nazi na samaki, imefunikwa kawa. Akanipigia simu mbio mbio kuuliza aioshe airudishe? Nikamwambia ioshe, lakini kwetu sahani hairudi tupu, tia chochote ulicho nacho. Akatia machungwa manne.

Kesho yake mtoto karudi, kasimama mlangoni, mama anauliza mwalimu anakula pilipili?