Umepunguza uchelewaji wa ishara kwenye chipu? Kinachosajiliwa ni mchoro, si mbinu

Tangu Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani waweke hadharani, mwaka 2020, kanuni za kusanifia chipu za nanomita 130, wanafunzi na kampuni changa wanaochora saketi jumuishi wameongezeka. Maombi kwenye dawati letu la miliki ubunifu yameongezeka pia, na mengi yana sentensi ileile: "Nimeharakisha ishara, nisajilieni ili mwingine asitumie mbinu hii." Hatuwezi, na sababu tutaieleza hapa ili tusiirudie dirishani kila siku.

Uchelewaji hufuata zao la ukinzani wa waya na kapasitansi yake (uwezo wa kuhifadhi chaji), na vyote viwili huongezeka kwa urefu, kwa hiyo waya ukirefuka mara mbili uchelewaji hupanda karibu mara nne. Chukua njia ya milimita 4. Ikatwe vipande vinne, na bafa, yaani saketi ndogo inayoipa ishara nguvu upya, iwekwe kati ya kipande na kipande. Kila kipande kinabaki na sehemu moja ya kumi na sita ya uchelewaji wa awali, na vyote vinne vinafikia robo tu. Ongeza hapo muda wa bafa tatu zenyewe. Ukizijaza bafa kupita kiasi, faida yote inaliwa. Wengine huhamishia njia ndefu kwenye tabaka la juu la chuma, ambalo ni nene zaidi, au huachanisha waya jirani ambazo ishara zake hubadilika kuelekea pande tofauti kwa wakati mmoja. Yote hayo yanafundishwa darasani. Hakuna ofisi itakayokupa umiliki wa kuweka bafa.

Kinacholindwa ni mpangilio wenyewe: mahali transista, waya na viunganishi vilipokaa katika tabaka zote, mradi umeubuni wewe na si wa kawaida miongoni mwa wasanifu. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu miliki ubunifu, unataka ulinzi huo udumu angalau miaka 10. Kama mbinu yako ni mpya kweli, njia yake ni hataza (patenti), na tafadhali usiitangaze kwenye kongamano kabla ya kuja kwetu.

Utaratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, na makala haya si ushauri wa kisheria. Kwa mfano, chini ya sheria ya Marekani ya 1984 mwombaji hujaza fomu MW, ya kusajili michoro ya chipu, katika Ofisi ya Hakimiliki. Chipu ikiwa tayari sokoni, huambatanisha nakala zake nne pamoja na picha au michoro inayoonyesha kila tabaka. Maombi yafike ndani ya miaka miwili tangu chipu ianze kutumika kibiashara popote duniani. Wengi huhesabu kuanzia siku chipu iliporudi kutoka kiwandani. Si hivyo. Saa huanza unapouza, na hata barua ya kumwomba mteja anunue chipu iliyokwisha kutengenezwa huhesabika. Muda huo ukipita bila maombi, ulinzi umekwisha.

Chini ya sheria hiyohiyo, anayenakili, kuagiza au kusambaza chipu yenye mchoro uliolindwa hulipa hasara aliyosababisha na faida aliyopata. Mwenye haki anaweza badala yake kuchagua fidia ya kisheria isiyozidi dola 250,000. Mahakama inaweza pia kuamuru chipu na vifaa vya kuzitengenezea vikamatwe na kuharibiwa. Mnunuzi asiyejua kwamba mchoro umenakiliwa hana hatia, ila akishajulishwa atalipa mrabaha unaostahili kwa shehena iliyobaki.

Si kweli pia kwamba kuifungua chipu ya mwenzako na kuichunguza ni wizi. Kuchambua kwa ajili ya kufundisha au kutathmini kunaruhusiwa, na hata kuchora mpangilio mpya kutokana na ulichojifunza, ukiwa na ubunifu wako ndani yake. Kampuni ya chipu ya AMD ilijitetea hivyo huko Marekani iliposhtakiwa na kampuni ya Brooktree kuhusu mchoro wa seli ya kumbukumbu, ikaleta mahakamani rundo la karatasi za usanifu. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, halikushawishika, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikauacha uamuzi wao usimame. Kwa hiyo ukichambua chipu ya mwingine, tunza kila toleo la mchoro wako likiwa na tarehe, hata yale yaliyoshindwa. Lakini kama seli ya mwisho inafanana na ya mwenzako, wingi wa makaratasi hautakuokoa.